Waazteki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sanaa, ibada na urithi wao

Ukiwataja Waazteki, wengi hukumbuka mambo mawili: dhahabu na damu. Yote mawili yalikuwepo. Lakini ukisoma maandishi waliyoyaacha wenyewe baada ya kutekwa, au ukifuatilia habari za wanaakiolojia wanaochimba katikati ya Jiji la Meksiko, unakutana pia na watu waliopenda maua kupita kiasi, waliolea watoto kwa ukali, waliokuwa na masoko, mahakama na washairi. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi.

Waazteki walikuwa nani hasa?

Wakazi wa mji wa Tenochtitlan, ambao leo ni Jiji la Meksiko, walijiita Wamexica, na nchi ya Meksiko ilipata jina lake kwao. Jina la Waazteki, yaani watu wa Aztlan, nchi wanayosimulia kuwa ndiyo asili yao, lilienea kwenye vitabu vya Ulaya katika karne ya 19. Leo hutumika kwa Wamexica pamoja na washirika wao. Walizungumza Kinahuatl, lugha waliyoshirikiana na majirani wengi, hata maadui zao wakubwa wa Tlaxcala.

Walifika Bonde la Meksiko wakiwa wageni wasio na ardhi, wakawa wanapigana vita vya wengine kwa ujira. Kwa hesabu iliyozoeleka, mwaka 1325 walianzisha mji wao kwenye kisiwa cha matope katika Ziwa Texcoco, mahali ambapo wanasimulia kuwa walimwona tai ametua juu ya mpungate. Kwa miaka mia moja hivi walilipa kodi kwa watawala wa Azcapotzalco. Mwaka 1428, chini ya Itzcoatl, waliungana na miji ya Texcoco na Tlacopan, wakawaangusha mabwana hao, na dola ikaanza. Ilianguka mwaka 1521. Miaka 93: umri wa bibi mmoja aliyejaliwa maisha marefu. Ndani ya muda huo mfupi walifika pwani za bahari zote mbili, Pasifiki na Ghuba ya Meksiko.

Si ndio haohao Wamaya? Na Wainka je?

Hapana. Wamaya walikuwa mashariki na kusini zaidi, Yucatán na Guatemala, na miji yao mingi mikubwa ilikuwa imeachwa karne kadhaa kabla Tenochtitlan haijajengwa. Wainka walikuwa kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, mbali kabisa. Piramidi za Chichén Itzá ni za Wamaya. Zile kubwa za Teotihuacan, ambazo watalii huambiwa kila siku kuwa ni za Waazteki, zilijengwa zaidi ya miaka elfu moja kabla yao. Waazteki walizikuta zikiwa magofu, wakaamini kuwa hapo ndipo miungu ilipoliumba jua la sasa, wakawa wanakwenda kuhiji.

Mji ulisimamaje juu ya ziwa?

Kwa kazi ya mikono na hesabu nzuri. Barabara za tuta ziliunganisha kisiwa na nchi kavu, na kila tuta lilikuwa na mapengo yaliyofunikwa kwa madaraja ya mbao, ili mitumbwi ipite chini na adui azuiwe pale daraja linapoondolewa. Maji ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi za Chapultepec kwa mfereji uliokuwa na njia mbili. Moja ikisafishwa, nyingine inapitisha maji. Upande wa mashariki maji ya ziwa yalikuwa na chumvi, hivyo katikati ya karne ya 15 Nezahualcoyotl, mtawala wa Texcoco, alisimamia ujenzi wa ukuta mrefu wa kutenganisha maji ya chumvi na maji baridi.

Mashamba nayo yalikuwa ziwani. Chinampa hutengenezwa kwa kuzungushia sehemu ya maji ya kina kifupi uzio wa miti, kisha kujaza matope ya chini ya ziwa na majani yaliyooza mpaka udongo utokeze juu ya maji. Kingo hupandwa mierebi ambayo mizizi yake hushikilia ardhi. Kwa kuwa unyevu haukatiki na mbolea ipo papo hapo chini ya mtumbwi, mkulima huvuna mara kadhaa kwa mwaka. Watu huziita bustani zinazoelea. Hazielei; zimekaa chini kabisa. Chinampa za Xochimilco, kusini mwa Jiji la Meksiko, bado zinalimwa, na tangu mwaka 1987 ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mji pacha wa Tlatelolco ulikuwa na soko lililowashangaza askari wa Kihispania waliokuwa wameiona miji mikubwa ya Ulaya. Kila bidhaa ilikuwa na safu yake, na waamuzi walikaa sokoni kusikiliza kesi za wanunuzi na wauzaji. Fedha ilikuwa mbegu za kakao kwa vitu vidogo na vitambaa vya pamba kwa vikubwa. Na palipo na fedha hapakosi matapeli: wapo waliouza kakao bandia iliyofinyangwa kwa nta, unga au kokwa za parachichi.

Walikula nini?

Vitu vingi vilivyoko sokoni kwetu leo: mahindi, maharage, nyanya, pilipili, maboga, parachichi, na bata mzinga. Mazao mengi kati ya hayo yalifika Afrika Mashariki baada ya safari za Wareno, kuanzia karne ya 16.

Mahindi yanahitaji maelezo, kwa sababu mbegu ilisafiri ikaacha upishi wake nyuma. Mama wa Kiazteki aliyachemsha mahindi pamoja na chokaa, akayaacha yalale usiku kucha, akayaosha, ndipo akayasaga kwenye jiwe. Chokaa hulegeza maganda, na pia hufungua niasini, vitamini ambayo kwenye mahindi makavu ipo lakini mwili hauwezi kuichukua. Huko Italia ya kaskazini, na baadaye kusini mwa Marekani, maskini waliokula mahindi karibu matupu bila kujua siri hiyo walipata pelagra: ngozi inabanduka, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa, kisha kifo. Ugali wenye maharage, dagaa au karanga pembeni hupunguza hatari hiyo. Ugali mtupu haupunguzi. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao.

Mchicha pia walikuwa nao, ila wao walithamini zaidi mbegu. Majimbo yalilipa mbegu za mchicha kama kodi, na kwenye sikukuu zilikandwa kwa asali au utomvu mtamu wa mkonge kutengeneza sanamu za miungu, ambazo zilivunjwavunjwa na kugawiwa watu wale. Mapadri wa Kihispania waliona hapo mzaha dhidi ya komunyo, wakapiga vita desturi hiyo. Leo mbegu hizohizo zilizoshikanishwa kwa asali huuzwa mitaani Meksiko kama peremende.

Kakao ilikuwa kinywaji cha wakubwa, wapiganaji na wafanyabiashara. Ilinywewa baridi, ikiwa na pilipili, vanila au maua makavu, na ilimiminwa kutoka juu ili itoe povu. Pombe, iliyotokana na utomvu wa mkonge, ilikuwa na masharti makali. Kijana mlevi angeweza kuuawa. Wazee waliokwisha kutimiza wajibu wao waliruhusiwa. Katika Kodeksi ya Mendoza, kitabu cha picha kilichochorwa miaka ishirini hivi baada ya kutekwa kwao, kuna bibi anayekunywa kwa raha zake huku watu wa nyumbani wakimhudumia.

Huo mkonge wao ni ndugu wa mkonge wa Tanga. Ule wetu asili yake ni Yucatán, na uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf kupitia Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai.

Ni kweli walitoa kafara za binadamu, au Wahispania waliwasingizia?

Ni kweli. Ushahidi hautoki kwa Wahispania peke yao. Upo kwenye michoro yao wenyewe, kwenye maelezo ya wazee wa Kinahua yaliyoandikwa kwa Kinahuatl, na kwenye mifupa. Tangu mwaka 2015 wanaakiolojia wamechimba, nyuma ya Kanisa Kuu la Jiji la Meksiko, sehemu ya jengo la mafuvu la Tenochtitlan, ambako vichwa vya waliouawa vilitungwa kwenye nguzo na kujengewa kwa chokaa. Zaidi ya mafuvu 600 yamepatikana. Wengi walitegemea kukuta wanaume wa vitani tu. Wamekuta pia wanawake na watoto.

Kwa nini? Kwa imani yao dunia imeumbwa mara tano, na majua manne ya mwanzo yaliangamia. La tano lilipatikana pale mungu mnyonge mwenye vidonda, Nanahuatzin, alipojirusha motoni Teotihuacan huku mungu tajiri na mwenye majivuno akisitasita. Hata hivyo jua likasimama palepale, mpaka miungu wengine nao walipojitoa. Kwa hiyo binadamu anaishi akiwa na deni, na deni hilo hulipwa kwa kile chenye thamani kuliko vyote. Kafara yenyewe waliiita malipo.

Hiyo ni sababu ya dini. Ya siasa ilikuwepo pia. Wengi waliouawa walikuwa mateka wa vita, na kijana alipanda cheo kwa idadi ya mateka aliowakamata wakiwa hai. Watawala wa miji adui walialikwa kwa siri kutazama kutoka mahali palipofichwa, kisha wakarudi kwao wakiwa na zawadi na woga. Mungu wa mvua, Tlaloc, yeye alitolewa watoto. Katika mojawapo ya sadaka zilizofukuliwa kwenye Hekalu Kuu la Tenochtitlan mlikuwa na mabaki ya watoto 42, na habari hii ndiyo inayonizuia nisiwe mtetezi wa dini yao hata ninapoipenda sanaa yao.

Idadi ni suala jingine. Kuna maandishi yanayodai kwamba mwaka 1487, mtawala Ahuitzotl alipozindua upanuzi wa Hekalu Kuu, watu 80,400 waliuawa ndani ya siku nne. Piga hesabu: hao ni watu 14 kila dakika, usiku na mchana, bila kupumzika. Haiwezekani, na wanahistoria wengi hawaikubali. Hoja nyingine inayotolewa sana ni kwamba hata Ulaya wakati huohuo ilikuwa inachoma watu hadharani kwa jina la Mungu. Ni kweli, ila haimrudishii mtu moyo wake.

Walikula nyama ya watu?

Kwa kiasi kidogo na katika ibada tu: kipande cha mateka kiliweza kuliwa na familia ya aliyemkamata. Aliyemkamata mwenyewe hakuigusa, kwa kuwa alihesabiwa kama baba wa mateka wake. Haikuwa chakula, protini waliipata kwenye maharage, samaki, ndege, mbwa waliofugwa, na hata mwani wa ziwani uliokaushwa ukawa mikate.

Zaidi ya kafara, ibada zao zilikuwaje?

Nyingi zilikuwa za kila siku na hazikumwua mtu. Kufagia kulikuwa ibada. Alfajiri nyumba na ua vilifagiliwa kwa ajili ya miungu, na mwezi mmoja mzima wa kalenda ulikuwa wa ufagio. Walichoma kopali, utomvu wa harufu nzuri unaofanana na sandarusi ya pwani. Walijitoboa masikio au ndimi kwa miiba ya mkonge ili watoe damu yao wenyewe. Hata mtawala alifanya hivyo. Walicheza ngoma kwa saa nyingi, wamevaa maua.

Kalenda zao zilikuwa mbili zikienda pamoja. Moja ilikuwa ya siku 260: alama 20 zikizungushwa na namba 1 hadi 13. Hiyo ndiyo iliyompa mtoto jina na nyota yake, na wazazi waliozaa siku mbaya walisubiri siku nzuri karibu na hapo ndipo wamwogeshe na kumpa jina. Nyingine ilikuwa ya siku 365: miezi 18 ya siku 20, na siku 5 za nuksi mwishoni, ambazo mtu hakuanza jambo lolote la maana. Kalenda hizi mbili zilikutana mwanzo wake kila baada ya miaka 52, na hapo ndipo palipokuwa na hofu kuu, kwamba pengine jua halitachomoza tena.

Usiku huo mioto yote nchini ilizimwa. Vyungu na mawe ya jikoni vilitupwa. Wajawazito walivishwa vinyago vya majani ya mkonge na kufungiwa ghalani, ikihofiwa kuwa wangegeuka wanyama wakali. Watoto walifinywa wasilale, wasije wakageuka panya. Makuhani walipanda mlima wenye volkano iliyozimika, ambao leo umezungukwa na mtaa wa Iztapalapa, wakawa wanaangalia Kilimia. Ndiyo, Kilimia hichohicho ambacho wahenga wetu walisema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kikivuka katikati ya anga usiku wa manane, dunia imepewa miaka 52 mingine. Hapo moto mpya ulipekechwa juu ya kifua cha mateka, akauawa, na wakimbiaji wakachukua mienge kuupeleka hekaluni, kisha mitaani, kisha nyumba kwa nyumba. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1507.

Sikukuu ya Toxcatl nayo haisahauliki. Kijana asiye na kovu wala kasoro alichaguliwa awe mfano wa mungu Tezcatlipoca kwa mwaka mzima. Alifundishwa kupiga filimbi, kushika maua na kusema kwa adabu. Watu waliokutana naye njiani walimsujudia. Mwezi wa mwisho alipewa wake wanne. Siku yake ilipofika alipanda ngazi za hekalu mwenyewe, akivunja filimbi zake moja kila kidato. Siku hiyohiyo mwingine alikuwa ameshachaguliwa.

Lile jiwe kubwa la mviringo ni kalenda?

Si kalenda ya kusomea tarehe, ingawa lina alama zote 20 za siku. Jiwe la Jua lina kipenyo cha mita 3.6 na uzito wa tani 24 hivi. Katikati kuna uso uliotoa ulimi, wenye makucha yaliyoshika mioyo, na kuuzunguka ni majua manne yaliyoangamia. Yaani ni historia ya ulimwengu kwenye jiwe moja, ikimwambia mtazamaji yuko zama gani. Liligunduliwa Desemba 1790 wakati uwanja mkuu wa jiji, Zócalo, ulipokuwa ukitengenezwa, likaegemezwa ukutani mwa Kanisa Kuu kwa karibu miaka mia.

Miezi minne kabla yake, uwanja huohuo ulitoa sanamu ya Coatlicue, mama wa miungu: nyoka wawili badala ya kichwa, mkufu wa mikono na mioyo, sketi ya nyoka waliosukwa. Ilipelekwa chuo kikuu. Watu wa asili wakaanza kuijia na mishumaa na maua, miaka 269 baada ya dini yao kupigwa marufuku. Wakuu wakaamua kuizika tena. Mwaka 1803 msafiri Mjerumani Alexander von Humboldt aliomba kuiona. Ikafukuliwa, akaitazama, ikafukiwa.

Kwangu mimi iliyo bora kuliko zote ni ya tatu. Februari 1978 mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba usiku karibu na Zócalo waligonga jiwe lililochongwa. Ni duara la zaidi ya mita tatu linaloonyesha Coyolxauhqui, binti ya Coatlicue, akiwa amekatwa kichwa, mikono na miguu. Hadithi yenyewe: Coatlicue alikuwa akifagia mlimani, akaokota kifurushi cha manyoya, akakiweka kifuani, akapata mimba. Binti yake na kaka zake mia nne wakaona ni aibu, wakaenda kumwua. Mtoto wa mimba hiyo, Huitzilopochtli, mungu wao wa vita, akazaliwa papo hapo akiwa na silaha, akamkata dada yake na kumtupa bondeni. Jiwe lilikuwa chini ya ngazi za hekalu la Huitzilopochtli. Kila mateka aliyeuawa juu na kuviringishwa ngazini aliishia karibu na dada huyo; hadithi ilirudiwa kwa mwili halisi. Mchongaji amempa kiungo kila kimoja mkao kana kwamba bado anaanguka.

Kutokana na jiwe hilo majengo kadhaa yalibomolewa na Hekalu Kuu likachimbwa chini ya uongozi wa Eduardo Matos Moctezuma. Mwaka 2006 palipatikana jiwe la mungu wa ardhi, Tlaltecuhtli, la tani 12 hivi, likiwa bado na rangi zake.

Mbali na mawe, walikuwa na sanaa gani?

Wao wenyewe wangekuambia kwamba ya juu kabisa ni ya manyoya. Mafundi wa mtaa wa Amantla walibandika manyoya ya ndege kwa gundi ya mizizi ya okidi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ngao au vazi likawa linabadilika rangi mtu anapotembea. Kilemba maarufu chenye manyoya marefu ya kijani ya ndege quetzal kipo Vienna, Austria. Meksiko imekidai kwa miaka mingi. Austria hujibu kwamba ni dhaifu mno, mtikisiko wa safari ya angani utakiharibu.

Kulikuwa na vito vya feruzi vilivyopangwa kwenye mbao, vitabu vya picha vilivyokunjwa mithili ya mapazia, na mashairi. Waliuita ushairi wao ua na wimbo. Nezahualcoyotl yule wa ukuta wa ziwani ndiye anayetajwa zaidi, na mada yake kuu ni kwamba hatuko hapa daima, hata jade huvunjika. Tahadhari moja: mashairi hayo yaliandikwa baada ya kutekwa, na si rahisi kuthibitisha lipi ni lake kweli.

Wanawake na watoto waliishije?

Shule zilikuwa za lazima kwa wavulana na wasichana, jambo la nadra duniani wakati huo. Watoto wa wakubwa walisoma dini, sheria na nyota. Wa kawaida walifunzwa vita na kazi za umma. Nyumbani malezi hayakuwa na mzaha. Kodeksi ya Mendoza inaonyesha mtoto wa miaka 11 akishikiliwa juu ya moshi wa pilipili kwa utundu wake. Inaonyesha hata mgao wa mikate: nusu akiwa na miaka 3, miwili akifika 13.

Mwanamke alifanya biashara sokoni, alirithi mali, na alishtaki mahakamani. Kujifungua kulihesabiwa kuwa vita. Mkunga alipiga ukelele wa kivita mtoto alipotoka, na mama aliyefia uzazini alikwenda kulisindikiza jua pamoja na wapiganaji.

Ni kweli walidhani Hernán Cortés ni mungu, ndiyo maana askari mia chache wakawashinda?

Hadithi kwamba Moctezuma wa Pili, mtawala wa Tenochtitlan, alimdhania Cortés, kiongozi wa askari wa Kihispania, kuwa mungu Quetzalcoatl anayerudi iliandikwa miongo kadhaa baadaye, na wanahistoria wengi leo wanaitilia shaka. Iliwafaa washindi, na huenda iliwafariji hata wazee wa Kinahua waliotafuta sababu ya maafa yao.

Cortés alitua mwaka 1519 akiwa na watu 500 na ushei. Alimpata Malintzin, mwanamke aliyekuwa ameuzwa utumwani, mjuzi wa Kinahuatl na Kimaya. Bila yeye hata mazungumzo yasingefanyika. Kisha akawapata Watlaxcala, waliokuwa wamechoshwa na vita visivyokwisha na Tenochtitlan. Novemba 1519 aliingia mjini akipokelewa kama mgeni, na baada ya siku chache akamshika mwenyeji wake. Mei 1520 msaidizi wake, Pedro de Alvarado, aliwachinja wacheza ngoma wa Toxcatl ndani ya uwanja wa hekalu, na mji ukalipuka. Moctezuma akafa, Wahispania wakafukuzwa usiku wa tarehe 30 Juni wakizama mifereјini kwa uzito wa dhahabu.

Kisha ikaja ndui. Ilimwua mtawala mpya, Cuitlahuac, ndani ya miezi michache, pamoja na watu wasiohesabika. Mwaka 1521 Cortés alirudi akiwa na makumi ya maelfu ya wapiganaji wa Kitlaxcala na miji mingine, akakata maji ya Chapultepec, na baada ya kuuzingira mji kwa siku zipatazo 80, Cuauhtemoc, mtawala aliyemfuata Cuitlahuac, alikamatwa, tarehe 13 Agosti. Hesabu askari wote waliokuwa upande wa Cortés siku hiyo: wengi mno walikuwa wenyeji. Walidhani wanamwangusha jirani mkorofi.

Mwafrika pia alikuwepo. Juan Garrido, aliyezaliwa Afrika na akawa mtu huru, alipigana humo, na katika ombi lake kwa mfalme wa Hispania alijieleza kuwa ndiye wa kwanza kupanda ngano nchini humo.

Waazteki wameisha?

Dola iliisha. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.6 wanaozungumza Kinahuatl, na wengi wao hawahitaji kuambiwa kwamba wapo. Tai na mpungate wako kwenye bendera ya taifa. Bafu la mvuke, temazcal, bado linatumika. Siku ya Wafu ya mwanzoni mwa Novemba ni mchanganyiko wa Ukatoliki na desturi za wenyeji, na watu hubishana kila mwaka ni ipi iliyo nyingi. Sadaka za chakula na maua ya manjano zinaelekea zaidi kwa wenyeji. Kilima cha Tepeyac, palipoheshimiwa mama wa miungu, ndipo lilipo kanisa la Bikira Maria wa Guadalupe. Hata uwanja wa mpira ambao Maradona alifunga kwa mkono mwaka 1986 uliitwa Azteca hadi mwaka 2025.

Watanzania wana kumbukumbu yao huko bila kujua. Tarehe 20 Oktoba 1968 marathoni ya Olimpiki ilianzia Zócalo. John Stephen Akhwari, ambaye angeanguka njiani na kumaliza wa mwisho akiwa na bandeji mguuni, alianza mbio hatua chache kutoka alipolala Coyolxauhqui, miaka kumi kabla mafundi wa umeme hawajamgonga.

Nikitaka kuviona vitu vyao, nianzie wapi?

Jiji la Meksiko: Hekalu Kuu na makumbusho yake viko kando ya Kanisa Kuu, na Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, yaliyofunguliwa mwaka 1964, yapo Chapultepec, ndiko kulikowekwa Jiwe la Jua na Coatlicue. Usiende Jumatatu, hufungwa. Ulaya: nyoka wa vichwa viwili wa feruzi yuko Makumbusho ya Uingereza, London, Kodeksi ya Mendoza iko Oxford.

Kama nauli haipo, fungua simu. Kitabu kikubwa kuliko vyote kuhusu maisha yao, Kodeksi ya Florence, chenye sehemu 12 zilizokusanywa na padri Bernardino de Sahagún pamoja na waandishi na wachoraji wa Kinahua, kimewekwa mtandaoni bure tangu 2023, kikiwa na Kinahuatl, Kihispania na Kiingereza. Wengi hukimbilia sehemu ya 12, ya vita. Mimi ningeanza na ya 11, ya wanyama, mimea na mawe. Hata asiyesoma lugha hizo atafaidi picha.